Tako la hasani linakufa chunguni: soma dalili kabla hujashika maji

Tako la hasani huota lenyewe kwenye nyufa za saruji, pembeni mwa njia na katikati ya matuta ya mboga nyingine, bila kupandwa wala kumwagiliwa. Mkulima hulipalilia na kulitupa kando, kisha siku chache baadaye hulikuta limeshika mizizi tena palepale lilipotupwa. Halafu mtu huyohuyo analipanda kwenye chungu kizuri, anatia samadi ya kutosha, anamwagilia asubuhi na jioni, nalo linaoza.

Sababu ipo, na matatizo mengi utakayoyasoma hapa yanaanzia hapo: tunalitunza kama mchicha. Mchicha una kiu. Tako la hasani, ambalo wengine huliita danga uwa na kitaalamu ni Portulaca oleracea, hubeba akiba yake ya maji ndani ya majani manene na mashina yaliyojaa. Udongo ukikauka, mmea huu una ujanja mwingine tena. Hufunga vitundu vya majani mchana ili maji yasipotee, hufungua usiku na kuvuta hewa ukaa, kisha huiweka kama asidi ya maliki mpaka jua lichomoze. Mmea wa namna hii haudai huruma ya kopo la maji kila siku. Unadai jua kali, udongo unaopitisha maji haraka, na mtu anayechunguza kabla ya kutenda.

Kwa hiyo, dalili yoyote utakayoiona, kwanza ingiza kidole kwenye udongo mpaka kiungo cha pili. Dalili kadhaa za mmea huu zina vyanzo viwili vinavyopingana, na dawa ya kimoja ni sumu kwa kingine. Jani lililolegea kwa kiu na jani lililolegea kwa mizizi kuoza hufanana sana ukiyatazama kwa mbali. Kidole kitakuambia tofauti kwa sekunde tano.

Shina likivunjwa linatoa maziwa

Hili si tatizo la ukuzaji, lakini lazima litangulie, maana linahusu usalama wa atakayekula. Ipo mimea midogo inayotambaa, ya jamii ya Euphorbia, ambayo hupenda kuota palepale linapoota tako la hasani. Kwa haraka mtu anaweza kuichuma yote kwa pamoja.

Vunja shina. Tako la hasani hutoa maji yasiyo na rangi. Ukiona utomvu mweupe, huo si mmea wako. Ung'oe, nawa mikono kwa sabuni na usiguse macho, kwa kuwa utomvu huo huwasha ngozi na ni hatari zaidi ukiingia machoni. Alama nyingine pia husaidia: shina la tako la hasani ni nene, laini, halina vinyweleo, na jani lake ni nono, pana kwenye ncha na jembamba linapoungana na shina. Yale ya maziwa yana majani membamba yasiyo na nyama, na mara nyingi shina lenye vinyweleo. Hata hivyo, usitegemee macho peke yake. Vunja shina kila unapochuma mahali ambapo hukupanda mwenyewe.

Pia usichanganye na ndugu yake wa mapambo, Portulaca grandiflora, mwenye majani membamba yaliyoviringana kama sindano nene na maua makubwa ya rangi nyingi. Miche ya mapambo inayouzwa kwa ajili ya maua huenda imepuliziwa dawa zisizokusudiwa kwa mboga. Iache ipambe.

Mbegu hazioti

Mbegu za mmea huu ni nyeusi na ndogo mno, hazifikii milimita moja. Kosa linalorudiwa zaidi ni kuzifukia. Mbegu hizi huhitaji mwanga ili ziamke. Ukizifunika kwa udongo wa unene wa kidole, zitakaa humo zikisubiri, hata miaka. Zimwage juu ya udongo uliolowa, kisha uzikandamize kwa kiganja zishike, basi. Ukizichanganya kwanza na mchanga mkavu, zitatawanyika sawasawa na hutapata kichaka upande mmoja na jangwa upande wa pili.

Chanzo cha pili ni ubaridi. Mbegu hizi hupenda udongo wa joto, nyuzi 25 hadi 35 za Selsiasi. Udongo wa joto la chini ya nyuzi 20 huzichelewesha sana, na nyingi hazitoki kabisa. Kwenye joto zuri utaanza kuona vijani vidogo ndani ya wiki moja au siku kumi. Kama msimu ni wa baridi, subiri. Kuongeza maji hakuchukui nafasi ya joto.

Cha tatu ni namna ya kumwagilia. Maji yakitoka kwa nguvu huzisomba mbegu zote hadi ukingoni mwa chungu, na ndiyo maana utaona miche imeota kwa kuzunguka ukingo huku katikati pakiwa patupu. Weka chungu ndani ya beseni lenye maji ya kina kidogo, udongo unywe kutoka chini mpaka juu pawe na unyevu, kisha kitoe.

Kama umejaribu na bado hazitoki, achana na mbegu, tumia vipandikizi. Na kwa kweli, kwa anayeanza, ningeshauri aanze na vipandikizi moja kwa moja. Kata shina lenye afya la sentimita 10 hadi 15, ondoa majani ya chini, liache kivulini saa kadhaa mpaka kidonda kikauke, kisha lichomeke sentimita 3 hadi 5 kwenye udongo wenye unyevu mdogo. Hata likilala na kunyong'onyea siku mbili tatu za mwanzo, usilirudie kwa maji mengi. Baada ya wiki moja hivi, livute polepole: likikataa kutoka, mizizi imeshika. Shina ulilolitoa kando ya barabara au mahali panapopuliziwa dawa ya magugu litakupa mche, lakini usile majani lililokuja nayo. Subiri machipukizi yatakayokua kwenye udongo wako.

Miche imeota vizuri, kisha inaanguka

Ukiona mche umelala, ukauinua na kukuta shina limenywea na kuwa jembamba pale linapogusana na udongo, hicho ni kinyausi, ugonjwa wa kuoza kwa miche michanga. Vimelea vyake, kama Pythium na Rhizoctonia, hushamiri mahali penye unyevu wa kudumu, miche iliyosongamana na hewa isiyopita. Mche ulioanguka haufufuki, usipoteze muda nao. Okoa iliyobaki: ng'oa iliyoanguka pamoja na udongo kidogo unaoizunguka, punguza msongamano, acha uso wa udongo ukauke, na nyunyiza mchanga mkavu juu yake. Kama ulikuwa umefunika kwa karatasi ya plastiki ili kuhifadhi joto, iondoe mara tu miche inapochomoza. Miche ikiwa na majani manne ya kweli, ipe nafasi ya sentimita 10 hadi 15 kati ya mmoja na mwingine. Unayoipunguza huliwa, kwa hiyo usione uchungu.

Majani yamelegea, yamekunjamana au yanageuka manjano

Hapa ndipo mimea mingi inapouawa na mkono wenye nia njema.

Anza na shina. Lishike kwa kidole gumba na cha shahada, sentimita moja juu ya udongo, ulibonyeze taratibu. Shina lenye kiu bado ni gumu, labda limepungua unene kidogo. Shina linalooza hubonyea, na mara nyingine ngozi yake huteleza na kuacha unyevu wenye harufu mbaya kwenye vidole. Kisha shika jani. Jani lenye kiu ni jembamba kuliko kawaida, lina mikunjo, na limejiinua kuelekea kwenye shina ili lisipigwe na jua lote. Jani la mmea unaooza huwa laini, zito, lenye kung'aa na karibu kupenya mwanga, na umanjano wake huanzia chini kupanda juu. Mwisho, inua chungu. Chungu kikavu ni chepesi mno. Kilichojaa maji utakijua kwa uzito.

Kama ni kiu, mambo ni mepesi. Mwagilia mpaka maji yatoke kwenye matundu ya chini, acha yachuruzike yote, na kufikia kesho yake majani yatakuwa yamejaa tena. Ikiwa udongo umekauka hadi ukaachana na kuta za chungu, maji yatapita pembeni bila kulowesha kitu. Hapo tumia beseni, chungu kinywe kutoka chini.

Kama ni kuoza, kumwagilia ni kuzika. Toa mmea wote chunguni. Mizizi mizima ni meupe au ya rangi ya maziwa na ina ugumu. Iliyooza ni ya kahawia, na ukiivuta ngozi yake huchomoka na kubaki uzi mwembamba katikati. Sehemu ndogo tu ikiwa imeoza, kata hiyo, panda upya kwenye udongo mkavu zaidi na usimwagilie kwa siku kadhaa. Kuoza kukiwa kumefika kwenye shina, usihangaike na mizizi tena, okoa juu. Kata shina kwa kisu safi ukipanda juu kidogo kidogo mpaka ufike mahali ambapo ndani ni kijani safi au cheupe, bila duara la kahawia hata dogo. Hilo duara ni ugonjwa unaopanda. Ukiliacha, kipandikizi kitaoza nacho. Kausha vipande kivulini, kisha anza upya kwenye udongo mwingine. Udongo ule wa zamani usiurudishe kwenye mboga hii.

Baada ya uokoaji, tafuta maji yalikwama wapi. Matundu ya chungu huziba kwa mizizi na udongo, ingiza kijiti uone. Kisahani cha chini kinachojaa maji hukifanya chungu kuwa bwawa. Chungu kikubwa mno kwa mche mdogo hubaki na unyevu siku nyingi, kwa sababu mizizi michache haiwezi kuunywa wote. Chungu chenye kina cha sentimita 15 hadi 20 kinatosha. Na wengi huweka kokoto chini ya udongo wakiamini zinasaidia maji kutoka. Hazisaidii. Maji hayashuki kwa urahisi kutoka udongo wenye chembe ndogo kwenda kwenye kokoto mpaka udongo wa juu yake ujae kabisa, kwa hiyo umeinua tope tu karibu na mizizi. Badala yake changanya udongo wenyewe: sehemu mbili za udongo wa bustani, sehemu moja ya mchanga mnene na sehemu moja ya mboji iliyoiva. Ukimwaga maji juu, yasituame.

Ratiba ya kumwagilia sitakupa, maana hakuna ratiba moja inayofaa kila chungu, kila joto na kila udongo. Mwagilia pale sentimita 3 au 4 za juu zinapokuwa zimekauka, na umwagilie kwa kina. Lakini hapa nisieleweke vibaya. Kuvumilia ukame si kupenda ukame. Mmea ulioachwa na kiu wiki nzima utaishi, ila majani yatakuwa madogo, magumu na machachu, na utaharakisha kutoa maua. Ukitaka majani laini ya kula, mpe maji ya wastani yasiyokatika, kwenye udongo usiyoyashikilia.

Kuna hali ya tatu inayowachanganya watu: mmea unanyong'onyea saa sita mchana, jioni umesimama, na udongo una unyevu wa kawaida. Tazama chungu chenyewe. Chungu cheusi cha plastiki kilichokaa juu ya sakafu ya saruji inayowaka jua huipika mizizi. Kiinue kwa matofali mawili hewa ipite chini, au kizibie jua la pembeni kwa ubao. Majani yenyewe yaachie jua lake.

Shina lina mabaka meusi

Baka jeusi likianza katikati ya shina, mbali na udongo, wakati wa joto na mvua nyingi, huo ni ukungu. Mmoja unaoushambulia hasa mmea huu ni Dichotomophthora. Baka hulizunguka shina, na juu yake kila kitu hunyauka kwa ghafla huku chini pakiwa pazima. Ugonjwa husafiri kwa matone yanayoruka kutoka shina moja hadi jingine.

Kata chini ya baka, mahali pazima, na usafishe kisu kwa spiriti kabla ya kukata shina la pili. Vilivyokatwa usivitie kwenye mboji. Mwagilia chini kwenye udongo, asubuhi, ili hata yakiruka matone yakaushwe na jua. Ondoa chungu mahali yanapodondokea maji ya paa. Dawa za kuua ukungu sizishauri kwa mboga inayovunwa kila baada ya wiki mbili au tatu. Mara nyingi muda wa kusubiri baada ya kupuliza utagongana na mavuno, na mmea huu huchipua haraka kiasi kwamba kukata kunatosha.

Shina limerefuka, majani machache

Tazama nafasi kati ya jani na jani. Ikiwa ndefu, shina ni jembamba, rangi ni ya kijani hafifu na mmea wote umeinama upande mmoja, unatafuta mwanga. Unahitaji jua la moja kwa moja kwa angalau saa sita kwa siku, na zaidi ya hapo ni bora. Dirishani, hata panapoonekana pang'avu kwa macho yetu, mara nyingi hapatoshi. Uhamishe nje hatua kwa hatua ndani ya wiki moja, ukianza na jua la asubuhi, la sivyo majani yaliyozoea kivuli yataungua na kupata mabaka meupe makavu. Anayekuza ndani kabisa atahitaji taa ya mimea inayowaka saa 12 hadi 14.

Lakini kama umerefuka huku majani yakiwa ya kijani kilichokoza, makubwa na mepesi kuvunjika, chanzo si kivuli. Ni mbolea. Samadi nyingi au mbolea ya chumvichumvi yenye naitrojeni huulainisha mmea, huwavuta vidukari, na majani ya mboga hujikusanyia naitreti. Udongo wenye mboji ya wastani hauhitaji nyongeza yoyote mpaka baada ya kukata mara moja au mbili.

Wekundu kwenye shina na kingo za majani

Huu ni uzima. Jua kali huleta wekundu, na ukipotea kabisa ndiyo ujiulize kuhusu mwanga. Wasiwasi uje tu pale wekundu unapoambatana na mmea uliodumaa, wenye majani madogo, kwenye udongo uliotumika muda mrefu bila kuongezwa kitu, au katika majira ya baridi. Kwa udongo uliochoka ongeza mboji. Kwa baridi, hamia mahali pa joto zaidi.

Majani yanapukutika yangali mazima

Joto likishuka karibu na nyuzi 10 mmea husimama kukua na kuanza kudondosha majani, na barafu huua kabisa. Mche uliohamishwa karibuni pia hupukutisha majani ya chini kwa siku chache, kisha hutulia. Katika hali zote mbili punguza maji, kwani mmea usiokua haunywi.

Malengelenge meupe, na majani yaliyobaki ngozi tupu

Haya ni mambo mawili tofauti, nayaweka pamoja kwa kuwa yote yanadai ulitazame jani kwa karibu.

Vilengelenge vidogo vyeupe vilivyotuna, mara nyingi upande wa chini wa jani, ambavyo vikipasuka hutoa unga, ni kutu nyeupe. Ni ugonjwa wa unyevu unaokaa juu ya majani. Chuma majani yote yenye dalili, yatie kwenye mfuko na uyatupe, kisha panua nafasi kati ya mimea. Kabla hujahukumu, sugua weupe huo kwa kijiti: ukitoka kama pamba na chini yake kuna mdudu laini, una vidung'ata, si kutu. Hao watoe kwa kitambaa kilicholowa spiriti.

La pili linashangaza zaidi. Jani linaonekana limepauka, lina baka kama karatasi. Liinue dhidi ya jua. Utaona ngozi mbili nyembamba, ya juu na ya chini, na katikati hamna kitu isipokuwa vidoti vyeusi vya kinyesi na pengine kibuu chenyewe kikitembea kuelekea sehemu iliyobaki ya kijani. Wapo nyigu-msumeno na fukusi ambao vibuu vyao huishi ndani ya majani ya tako la hasani na kuyala kutoka ndani. Kunyunyiza sabuni juu hakumfikii aliye ndani. Mbinya kwa vidole palepale, au chuma jani. Wakati wa joto vizazi vyao hufuatana upesi, kwa hiyo kagua kila baada ya siku mbili. Wakizidi, kata mmea wote ubakie sentimita 5, ondoa kila jani lililoanguka, na ufunike kwa chandarua chenye matundu madogo wakati unachipua. Inauma kuukata hivyo, lakini mmea huu ni mwepesi wa kurudi kuliko mboga nyingi.

Wadudu wengine ni wale wale wa bustani yoyote. Vidukari hujazana kwenye ncha changa. Waondoe kwa maji yenye msukumo, na wakirudi tumia kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji isiyo na manukato katika lita moja ya maji, jioni. Jaribu kwenye majani mawili kwanza na usubiri siku moja, kwa kuwa sabuni inaweza kuondoa nta inayolinda majani haya. Matundu makubwa na ute unaong'aa asubuhi ni koa, watafute usiku kwa tochi. Utando mwembamba na majani yenye vumbi la nukta za manjano ni utitiri. Na mmea uliodumaa bila sababu yoyote inayoonekana juu, ung'oe utazame mizizi: ukikuta vinundu, hao ni minyoo fundo. Udongo huo utupe, au uloweshe, uufunike kwa plastiki angavu na uuache kwenye jua kali wiki nne hadi sita.

Umetoa maua mapema, majani yamekuwa madogo na magumu

Ua ni dogo, la manjano, na hufunguka kwa saa chache tu za asubuhi yenye jua. Siku ya mawingu hufungika na bado likazaa mbegu, kwa hiyo ua lililofumba si ugonjwa. Mara mmea unapoanza kuzaa, nguvu zake huhama kutoka kwenye majani. Kiu, msongamano na umri huharakisha hali hiyo.

Tiba ni kuvuna kabla. Mmea ukifika sentimita 15 hadi 20, kata ukiacha vifundo viwili juu ya udongo, yaani karibu sentimita 5, na machipukizi mapya yatatoka kwenye vifundo hivyo. Watu huogopa kukata na kuchuma jani moja moja, na hilo ndilo linaloupa mmea nafasi ya kurefuka na kutoa maua. Baada ya kukata mara mbili au tatu, ladha hushuka hata ukijitahidi. Panda vipandikizi vipya kila baada ya wiki tatu au nne, usiung'ang'anie mmea mzee.

Ladha imekuwa chachu mno

Angalia saa uliyochuma. Ile asidi ya maliki iliyowekwa akiba usiku bado imejaa alfajiri, na hupungua kadiri jua linavyofanya kazi. Jani la saa kumi na moja jioni ni pole zaidi kuliko la saa moja asubuhi kutoka kwenye mmea uleule, na tofauti huwa kubwa zaidi mmea ukiwa na kiu. Anayependa uchachu achume mapema. Uchungu ni jambo jingine, hutokana na uzee. Utelezi nao ni wa asili, na hupungua ukipika kwa moto mkali muda mfupi bila kukatakata sana.

Mboga hii ina asidi ya oksaliki kwa wingi. Mwenye historia ya mawe kwenye figo azungumze na daktari wake kabla ya kuifanya chakula cha kila siku. Kuchemsha na kumwaga maji hupunguza sehemu ya asidi hiyo, na kuila pamoja na chakula chenye kalisiamu, kama mtindi, hupunguza kiasi kinachofyonzwa mwilini.

Sasa umezagaa kila chungu

Mmea mmoja huzaa mbegu maelfu kwa maelfu, nazo hukaa hai udongoni miaka mingi. Vitumba vyake, yaani vifuko vidogo vya mbegu, vina kifuniko kinachobanduka chenyewe, na mmea uliong'olewa ukatupwa juu ya udongo huendelea kuivisha mbegu, au hushika mizizi upya. Kwa hiyo usiuache mmea wenye vitumba ardhini wala kwenye mboji. Utie kwenye mfuko uliofungwa, au uutandaze juu ya bati lenye jua mpaka uwe mkavu wa kuvunjika.

Ukitaka mbegu za msimu ujao, chagua shina la mmea uliokupa majani makubwa na uliochelewa kutoa maua. Vitumba vikianza kugeuka kutoka kijani kwenda manjano, likate ulitumbukize kichwa chini ndani ya mfuko wa karatasi, uutundike mahali pakavu. Vifuniko vitabanduka humo na mbegu zitashuka chini zenyewe. Zipepete, zitie kwenye chupa kavu yenye kifuniko, na uandike mwaka.